Holga 120N baada ya mikanda 19: kamera ya plastiki kwa anayetaka kujifunza majaribio

Kabla ya kuandika haya nilihesabu bahasha za negativu, yaani filamu zilizosafishwa ambamo palipo na mwanga panatoka peusi, kwenye sanduku langu: 19. Mikanda 19 ya filamu ya 120, ile pana inayozungushwa na karatasi, yote imepita ndani ya Holga 120N moja, tangu siku nilipoitoa kwenye boksi mpaka wiki iliyopita. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu maoni mengi niliyoyasoma kabla sijanunua yalikuwa ya watu waliopiga mkanda mmoja, wakapata picha yenye kona nyeusi na mwali mwekundu pembeni, wakafurahi au wakakasirika, basi. Mkanda mmoja hautoshi kuijua kamera hii. Wa kwanza unakuonyesha inachofanya yenyewe. Kwangu mimi, kuanzia wa nne hivi ndipo nilipoanza kuiamrisha.

Mimi ni fundi cherehani. Picha napiga kwa kuzipenda, na kwa miaka mingi nilipiga kwa simu. Nilichotaka ni kujifunza filamu, hasa yale mambo ya majaribio: picha juu ya picha, picha ndefu zinazoungana, kusafisha filamu kwa dawa za kuchanganya mwenyewe. Kamera kubwa yenye vipimo vingi ilinitisha, nikaona nianze na hii.

Ukiishika mara ya kwanza utadhani ni ya mtoto. Mwili plastiki, lenzi plastiki. Mkasi wangu wa kukatia vitambaa ni mzito kuliko hiyo kamera. Haina kipimo cha mwanga wala skrini, na bila flashi haihitaji hata betri. Shata, yaani kile kipazia kinachofunguka na kujifunga ili mwanga uingie, ina mwendo mmoja tu, kama 1/100 ya sekunde. Kuna swichi ya jua na wingu. Kuna pete ya umbali yenye michoro minne: mtu mmoja, watu wachache, kundi, na mlima. Chini kuna kiswichi cha N na B. Kikiwa N shata inajifunga yenyewe, kikiwa B inabaki wazi mpaka uachie kidole. Halafu kuna kizungushio cha kusogeza mkanda. Umeshavijua karibu vyote.

Uhaba huo ndio ninaousifu. Kwenye simu, nikipiga picha mbili za kitu kimoja na zikatoka tofauti, sijui nani kafanya nini: ni mimi niliyesogea, au programu imeamua kung'arisha kivuli na kulainisha uso? Kwenye Holga hakuna kinachobadilika mpaka mkono wangu ukibadilishe. Mwendo wa shata ni uleule na lenzi ni ileile. Kwa hiyo nikibadilisha kitu kimoja, filamu ikatoka tofauti, najua chanzo ni kile nilichokigusa. Jaribio la kweli linahitaji hivyo, na sikujua kwamba kamera iliyotengenezwa iwe rahisi tu ingenipa kitu hicho kuliko kamera yenye kila kitu.

Lakini kwanza lazima uitulize.

Filamu ya 120 haina kopo kama ile ya 35mm. Ni utepe uliozungushwa pamoja na karatasi kwenye spuli, na unauhamishia kwenye spuli nyingine tupu ndani ya kamera. Aliyewahi kujaza uzi kwenye bobini ataelewa mara moja: uzi ukiingia umelegea, cherehani itakusumbua siku nzima. Hapa ni hivyohivyo. Mkanda ukilegea unapozunguka, spuli inanenepa, kingo za karatasi zinaachia, na ukiutoa juani mwanga unapenya pembeni na kula picha zako. Nilichofanya ni kukata vipande viwili vya sponji, kila kimoja upana wa kidole, nikavibandika chini ya mahali zinapokaa spuli, ili zibanwe kidogo na zizunguke kwa ukinzani. Tangu mkanda wa tatu sijapata tena ule ukungu wa kingoni. Pakia kivulini, chomeka ncha ya karatasi kwenye ufa wa spuli, zungusha mara mbili tatu huku kidole gumba kimeshika mkanda, ndipo ufunge mgongo. Baada ya hapo unazungusha taratibu huku ukitazama lile dirisha jekundu la nyuma: vitatokea vidoa na mishale, halafu namba 1. Simama hapo hapo.

Mgongo wa kamera unashikwa na vibanio viwili vya chuma, kimoja kila upande, ambavyo pia vinabeba mkanda wa shingoni. Ni udhaifu unaojulikana wa Holga kwamba vinaweza kuteleza, na mwanga kupita kwenye maungio. Wengi wanaipenda kwa miali hiyo. Mimi nawashauri wanaojifunza wafanye kinyume: zibeni kila kitu kwanza. Selotepu nyeusi nene, isiyopitisha mwanga, juu ya vibanio vyote viwili, kuzunguka maungio yote, na kipande kidogo kama mlango juu ya dirisha jekundu unachokifunua wakati wa kusogeza mkanda tu. Piga mkanda mzima ukiwa umezibwa hivyo. Ukishapata picha 12 safi, unaweza kufungua upande mmoja kwa makusudi, ukajua mwali utaingilia wapi. Ukianza na kamera inayovuja kila mahali, hutajifunza kitu kuhusu mwanga. Utakuwa unapokea tu inachokupa.

Kuhusu umbali, nina faida ya kazi: futi yangu iko shingoni muda wote, na ina sentimita 150. Mchoro wa mtu mmoja ni karibu mita 1, wa watu wachache kama mita 2, kundi mita 6, na mlima ni kuanzia mita 10 kwenda mbele. Nilikuwa nakadiria kwa macho na picha za karibu zikatoka na pua isiyoonekana vizuri na sikio lililo wazi. Nilipoanza kupima kwa futi, tatizo likaisha siku hiyohiyo. Jambo jingine ni lile tundu la kuchungulia. Liko juu ya lenzi na halitazami kupitia lenzi, kwa hiyo ukiwa karibu lenzi inaona chini zaidi ya unachoona wewe. Shangazi yangu kapoteza kitambaa chake cha kichwa kwenye picha tatu kabla sijaelewa. Ukiwa ndani ya mita 1 na nusu, inua kamera kidogo. Na kwa kuwa huchungulii kupitia lenzi, huwezi kujua kama kifuniko bado kipo. Kwenye mkanda wa pili nilipiga fremu 3 hivyo. Kifuniko sasa kimefungwa kwa uzi kwenye mkanda wa shingo, kinaning'inia ninapokiona.

Sasa niingie kwenye mwanga, maana hapa ndipo kamera inapolipa.

Tundu la lenzi limeandikwa f/8, lakini kwa matumizi ichukulie kama f/13 hivi; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Ukiwa na shata ya 1/100, hiyo maana yake ni kwamba filamu ya ISO 100 (ISO ni kipimo cha filamu kuhisi mwanga, namba kubwa inahisi zaidi) inafaa jua kali, na ISO 400 inafaa mawingu na kivuli chepesi. ISO 400 juani inapata mwanga mwingi kupita kiasi, lakini filamu ya negativu, hasa nyeusi na nyeupe kama Ilford HP5 Plus au Kodak Tri-X, inavumilia mwanga kuzidi kuliko kupungua. Swichi ya jua na wingu usiiamini kabla hujaipima: kwenye matoleo ya zamani ya Holga ilikuwa haibadilishi chochote. Fungua mgongo kabla ya kupakia mkanda, weka B, shikilia shata wazi, chungulia kutoka nyuma huku unahamisha swichi. Ukiona tundu linapungua, inafanya kazi.

Shida: kama mwendo ni mmoja, kivulini unafanyaje? Jibu nililipata kwa kujiuliza swali la kifundi tu. Kitambaa kikitaka nguvu zaidi, unapita na cherehani mara ya pili juu ya mshono uleule. Holga haikuzuii kufanya hivyo, kwa sababu shata na kizungushio havijaunganishwa. Unaweza kubonyeza mara nyingi upendavyo bila kusogeza mkanda, na kila mbonyezo unaongeza kipimo kilekile cha mwanga. Nikaweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, 120N ina tundu la skrubu chini, nikaielekeza kwenye cherehani yangu barazani, kwenye kivuli, filamu ISO 100. Fremu ya 1 nilibonyeza mara 1. Fremu ya 2 mara 2. Ya 3 mara 4. Ya 4 mara 8. Kila hatua ni mwanga maradufu, sawasawa na hatua moja ya tundu kwenye kamera kubwa.

Nilipopata negativu nilizipanga kwenye kioo cha dirisha. Ya kwanza ilikuwa karibu tupu. Kilichoonekana ni mng'ao wa gurudumu na sindano. Ya pili ukaona umbo la kichwa cha mashine. Ya tatu ilikuwa na kila kitu, hadi maandishi yaliyochakaa ubavuni na vumbi la pamba chini ya mguu wa kukandamizia. Ya nne ilikuwa nzito, lakini bado unaweza kuichapa. Fremu 4 tu, na nikawa nimeelewa kitu ambacho maelezo ya vitabuni yalikuwa yananipita miaka yote. Siku hizo hizo nikaanza daftari: namba ya bahasha, aina ya filamu, mibonyezo mingapi, mwanga wa namna gani. Bila daftari, mikanda 19 ingekuwa rundo la picha tu.

Ujanja huohuo ndio msingi wa picha juu ya picha, na hapa nimetumia mikanda mingi kuliko popote. Jambo la kuelewa ni hili: mahali palipo peusi kwenye picha ya kwanza, filamu bado haijaguswa, ina njaa ya mwanga. Mahali palipo peupe imeshashiba. Kwa hiyo picha ya pili itakaa ndani ya sehemu nyeusi za ile ya kwanza. Nilitaka uso wa shangazi uliojaa lesi. Mara ya kwanza nilimsimamisha mbele ya ukuta, nikapiga, kisha nikapiga lesi, na vyote viwili vikachanganyika vikawa kama maji machafu. Ukuta ulikuwa na mwanga wa wastani na uso pia, hakuna aliyempisha mwenzake. Mara ya pili nilimpandisha kwenye ngazi, ubavu ukinitazama, nyuma yake mbingu nyeupe ya mawingu, filamu ISO 400 ili mbingu ishibe kabisa na yeye abaki kivuli. Halafu bila kuzungusha mkanda nikaenda dirishani nilikotundika kipande cha lesi ya harusi iliyobaki kwa mteja, nikapima mita 1 kwa futi, nikabonyeza.

Ikatoka. Mbingu nyeupe, na ndani ya umbo la shangazi, kuanzia paji la uso mpaka bega, maua ya lesi yamejipanga, moja limekaa pale pale kwenye shavu. Kwenye kona picha inafifia na kuwa nyeusi, kama lenzi ya Holga inavyofanya siku zote, na katikati nyuzi za lesi zinahesabika. Nilipomwonyesha alikaa nayo kimya muda mrefu, akasema, "Mwanangu, umenishonea lesi mpaka ndani ya kichwa." Hiyo picha iko ukutani karakanani kwangu na sijaiuza wala sitaiuza.

Hatari ya kazi hii ni kusahau. Unapiga ya kwanza, mteja anaingia, unarudi baada ya saa moja, hukumbuki kama ulizungusha. Dawa yangu ni uzi mwekundu: fremu ikiwa bado inasubiri picha ya pili, naufunga kwenye kizungushio. Mkono ukigusa uzi, unajua usizungushe. Ukishamaliza, fungua uzi, zungusha papo hapo.

Picha ndefu zinazoungana ni rahisi zaidi. Nyuma kuna kishale cha kuchagua 12 au 16, kwa ajili ya picha za mraba za sentimita 6x6 au ndogo za 6x4.5. Ukiacha ndani kile kizuizi chenye tundu la mraba lakini ukafuata namba za 16, mkanda unasogea kidogo kuliko upana wa picha, na kila picha inapanda juu ya jirani yake kwa ukanda mwembamba. Tembea hatua moja kulia kila unapopiga, na unapata mtaa mzima kwenye utepe mmoja. Hapa nina uchungu wangu: utepe wangu wa kwanza wa namna hiyo niliupeleka studio kusafishwa, wakaukata vipande vya picha tatu tatu kama kawaida yao, katikati ya maungio. Sikuwaambia, na wao hawakuuliza. Tangu hapo naandika kwa herufi kubwa juu ya bahasha: USIKATE.

Tukio hilo ndilo lililonisukuma kusafisha mwenyewe. Filamu nyeusi na nyeupe inaweza kusafishwa kwa kahawa, na hii siyo hadithi. Kwa lita 1 ya maji: magadi ya kufulia gramu 54, yaani sodiamu kaboneti kavu, siyo baikaboneti ya kuumulia, vitamini C ya unga gramu 16, na kahawa ya kuyeyuka papo hapo gramu 40. Yeyusha kwa mpangilio huo. Asidi iliyomo kwenye kahawa, ikisaidiwa na vitamini C ndani ya maji ya magadi, ndiyo inayofanya kazi ya dawa ya dukani. Maji yawe nyuzi 20 za Selsiasi, muda dakika 15. Mimi hutikisa nusu dakika ya kwanza mfululizo, kisha napindua tangi, chombo kisichopitisha mwanga kilichobeba filamu, mara tatu kila dakika. Halafu suuza, na lazima utie fiksa halisi, dawa inayoifanya picha isiharibiwe tena na mwanga. Usitegemee cha jikoni kuchukua nafasi yake. Vaa glavu, fungua madirisha, na vyombo vyake visirudi jikoni tena. Harufu ni mbaya, sawa na kahawa iliyoungua kwenye nguo mbichi. Negativu zinatoka na rangi ya hudhurungi kidogo, na kwa filamu ya ISO 100 nimezipenda kuliko za studio. Kwa ISO 400 ukungu unakuwa mwingi zaidi, kwa hiyo anza na ISO 100.

Kwa wanaopenda kujua ilikotoka: Holga ilitengenezwa Hong Kong mwaka 1982 na T. M. Lee, na jina linatokana na maneno ya Kikantoni yenye maana ya mwanga mkali sana. Ilikusudiwa familia za kawaida za China, ambako filamu ya 120 ilikuwa imeenea, lakini 35mm ikaipiku upesi na kamera ikapata maisha mengine kwa wapiga picha wa nchi za nje. Mpiga picha wa Marekani David Burnett alipiga nayo picha kwenye kampeni ya Al Gore, aliyegombea urais, na picha hiyo ikashinda tuzo ya chama cha wapiga picha wa Ikulu ya Marekani mwaka 2001, katikati ya watu waliobeba mitambo ya kisasa. Utengenezaji ulisimama mwaka 2015, ukarudi mwaka 2017. Kuna toleo lenye lenzi ya kioo, 120GN. Kwa majaribio chukua ya plastiki. Kona zile zinazofifia ndizo zinazofunga picha.

Niseme pia yasiyonifurahisha. Kiswichi cha N na B kiko mahali ambapo kidole kinakigusa bila kukusudia, na kamera ikibaki B bila wewe kujua, picha zote za mchana zitatikisika. Nimekiwekea selotepu. Shata inabonyezwa kwenda chini, na ukibonyeza kwa nguvu kamera nzima inainama. Shikilia mwili kwa mkono wa kushoto, achia pumzi, ndipo ubonyeze. Ndani ya nyumba bila flashi au B haifai kitu. Picha 12 kwa mkanda ni chache, na filamu ya 120 haipatikani kirahisi kama ya 35mm, kwa hiyo hesabu gharama ya filamu kuliko ya kamera. Mtu anayetaka kupiga watoto wanaokimbia sherehe nzima, au anayehitaji picha kesho asubuhi, asiinunue.

Mwenye subira ya kupima, kuandika na kusubiri, nampa kamera hii kwa mikono miwili. Nunua na selotepu nyeusi, sponji, mikanda mitano ya ISO 100 ya aina moja, na daftari. Mitano ya aina moja nimeitaja kwa makusudi. Ukibadilisha filamu kila mara hutajua kilichobadilisha picha ni nini.

Mkanda wa 20 uko ndani sasa hivi. Dirisha jekundu linaonyesha 7. Kwenye fremu hiyo shangazi yumo tayari, ubavu, juu ya ngazi, na uzi mwekundu umefungwa kwenye kizungushio. Safari hii hataki lesi. Anasema nitafute maji. Tangu juzi nimeweka beseni uani, nangoja siku ya upepo ili yawe na mawimbi madogo.